Akiba Inayooza: Ruzuku za Umma, Magazeti ya Kale na Historia ya Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Yaelekea hawakuwahi kufungua jalada la magazeti ya kale. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa ligini yake, na kadiri miaka inavyopita asidi iliyomo huila karatasi hiyo kutoka ndani. Hubadilika ikawa ya kahawia, ikakauka, kisha ikakatika penye mkunjo. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na upwa wa Afrika Mashariki umejaliwa vyote viwili. Magazeti ya Kiswahili basi ni akiba inayooza, na kila mwaka unaopita bila hatua yoyote huondoka na kurasa zake.

Suala la ruzuku za umma za kuyaingiza magazeti haya katika mfumo wa dijitali halijapewa uzito na wahakiki. Aghalabu limeachiwa wakutubi na mafundi wa tarakilishi, kana kwamba ni suala la rafu na nyaya. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo wa kazi, na yanadai mambo matatu. Kwanza, historia ya fasihi ya Kiswahili kama inavyofundishwa vyuoni ni historia ya vitabu, na kwa sababu hiyo ina kasoro ambayo magazeti pekee yanaweza kuirekebisha. Pili, jukumu la kuyahifadhi magazeti hayo ni la hazina ya umma. Haliwezi kuachiwa hisani ya wageni wala biashara ya makampuni. Tatu, ruzuku inayolipia picha za kurasa bila kulipia usomekaji wa maneno yaliyomo ni ruzuku ya mazishi.

2. Fasihi Iliyozaliwa Gazetini

Vitabu vya historia ya fasihi ya Kiswahili hupita juu ya magazeti kwa aya moja au mbili. Hutaja Msimulizi, lililoanzishwa na wamisionari wa UMCA Unguja mwaka 1888. Hutaja Kiongozi, lililochapishwa Tanga katika enzi ya Wajerumani. Hutaja Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Kisha huharakisha kufika kwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) na kwa Shaaban Robert. Gazeti linageuzwa kuwa ngazi ya kupandia kwenye kitabu, na ngazi ikishapandwa husukumwa kando.

Mpangilio huo unapotosha. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mshairi wa Mambo Leo kabla hajawa mshairi wa diwani, na wasomaji wake wa kwanza walimjua kama jina miongoni mwa majina mengi yaliyoshindania nafasi ukurasani. Mhakiki anayeisoma diwani pekee humwona mshindi bila kuwaona washindani. Hajui ni tungo zipi zilizochapishwa kandokando ya zake, ni nani aliyemjibu, wala ni lipi alilokuwa akilijibu yeye. Hali hiyo ni sawa na kulisikia jibu mtu asipolisikia swali, kisha akalisifu jibu kwa ufasaha wake.

Tazama mathalani kaida moja ya ushairi wa magazeti ambayo kila mwanafunzi wa ushairi anaijua: ubeti wa kwanza wa kumbisha hodi kwa mhariri na kumwomba nafasi, na ubeti wa mwisho wa kutaja jina la mtunzi na mji anakotoka. Shairi la namna hiyo linapohamishiwa kwenye diwani, beti hizo mbili huonekana kama maneno ya kujazia, na wapo wahariri wa diwani ambao huziondoa. Lakini gazetini beti hizo zilikuwa na kazi. Zilimtambulisha mtunzi mbele ya hadhira isiyomjua, zilikiri mamlaka ya mhariri wa kukubali au kukataa, na zilimpa mpinzani anwani ya kupelekea jibu. Kuziita nahau tupu ni kuihukumu barua bila kuuona mlango ilikopelekwa.

Malumbano ndiyo uhai wa ushairi huu, na malumbano hayakai katika diwani ya mtu mmoja. Hukaa katika mfululizo wa matoleo. Mvutano wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, uliochochewa zaidi na kutokea kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, hufundishwa leo kwa kutumia madibaji na vitabu vya wataalamu wachache, ilhali ulipiganwa pia na wasomaji wa kawaida katika kurasa za magazeti. Walimu wa shule na makarani walikuwa na rai kuhusu vina na mizani, tena rai za kushikilia. Rai hizo hazimo katika historia ya uhakiki. Hazimo kwa sababu hakuna mwanafunzi wa uzamili anayeweza kumaliza tasnifu yake kwa wakati huku akifunua majalada, ukurasa baada ya ukurasa, katika maktaba tatu za miji mitatu.

Mfano wa Mombasa unatoa funzo lililo wazi zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mwaka 1930, gazeti dogo la Kiswahili lililoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Insha za Sahifa zinajulikana leo kwa kuwa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, ambacho toleo lake la Kiswahili na Kiingereza lilichapishwa Leiden na kampuni ya Brill mwaka 2017. Nathari hiyo ni miongoni mwa nathari kali zaidi za Kiswahili za nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ni nathari ya hoja, yenye kejeli na lawama kwa jamii yake yenyewe. Iliokoka kwa kuwa kuna mtu aliyeikusanya. Swali ambalo uhakiki unapaswa kujiuliza bila kuoneana haya ni hili: ni nathari ngapi za aina hiyo ambazo hazikupata mkusanyaji?

Inashikiliwa na baadhi kuwa magazeti ya enzi ya ukoloni yalikuwa vyombo vya propaganda na kwa hiyo hayafai kupewa hadhi ya fasihi. Hoja hii ni nusu ya ukweli. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali. Heshima liliandikiwa askari wa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia. Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, lilimilikiwa na kampuni ya East African Standard. Lakini Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah Dar es Salaam mwaka 1937, lilikuwa la Mwafrika na lilithubutu kusema. Sauti ya Mwafrika lilikuwa gazeti la chama cha KAU. Propaganda haifahamiki kuwa propaganda mpaka isomwe sambamba na sauti iliyoipinga, na kusoma sambamba ndiko hasa kusikowezekana maadamu gazeti moja limo katika jengo moja na la pili limo ng'ambo. Fauka ya hayo, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na mamlaka juu ya vitabu vya shule. Gazeti la mtu binafsi halikupita katika chujio hilo. Anayetaka kujua Kiswahili kiliandikwaje na watu ambao hawakuomba idhini ya kamati hana pa kwenda isipokuwa huko.

3. Nguo ya Kuazima

Jibu ambalo husikika mara kwa mara katika mikutano ya kitaaluma ni kwamba kazi hii tayari inafanywa na wafadhili wa nje, na kwamba hakuna haja ya kuisumbua hazina ya nchi. Jibu hili linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa lina ukweli ndani yake na hatari ndani ya ukweli huo.

Ni kweli kwamba mradi wa ushirika wa maktaba za Marekani ujulikanao kama CAMP umekuwa ukipiga maikrofilamu za magazeti ya Afrika tangu mwaka 1963. Ni kweli kwamba Mpango wa Nyaraka Zilizo Hatarini wa Maktaba ya Uingereza, ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za wakfu wa Arcadia, umeokoa mikusanyo mingi, na sharti lake kwamba nakala asili zibaki katika nchi zake ni sharti la heshima. Hakuna haja ya kumtukana mtu aliyezima moto kwa sababu tu hakuzaliwa mtaani.

Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mfadhili wa nje huchagua kwa vigezo vyake, kwa ratiba yake na kwa lugha ya fomu zake. Kilichopigwa filamu kikikaa Chicago, mtafiti wa Maseno au Eldoret hukipata kwa nauli au kwa hisani ya rafiki. Historia ya jambo hili ni ndefu: katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse kilipata nakala za maikrofilamu za sehemu kubwa ya nyaraka za kikoloni zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, na tangu hapo imewezekana mtu kuandika tasnifu juu ya wilaya ya Kenya bila kuondoka jimbo la New York. Kinyume chake hakijawahi kuwezekana.

Biashara nayo ina mlango wake na bei yake. Kampuni ya Readex, ikishirikiana na Center for Research Libraries ya Chicago, huuza kwa maktaba za vyuo mkusanyo wa magazeti ya Afrika ya miaka ya 1800 hadi 1922. Maktaba ya Uingereza yenyewe, ilipotaka kuyaweka magazeti yake katika mfumo wa dijitali, iliingia ubia na kampuni binafsi, na tovuti iliyofunguliwa mwaka 2011 huwatoza wasomaji ada kwa sehemu kubwa ya kurasa zake. Iwapo Mwingereza hulipia kulisoma gazeti la babu yake, msomaji wa Lamu atarajie nini? Kinachozungumzwa hapa ni maandishi ambayo wengi wa waandishi wake walitunga bila malipo, kwa fahari ya kuliona jina likichapishwa. Kuyafungia nyuma ya ada ni kuwatoza wajukuu kwa zawadi iliyotolewa na babu.

4. Mifano ya Ruzuku za Umma

Dai kwamba serikali haziwezi kuifanya kazi hii halina msingi, kwa kuwa zipo zilizoifanya. Mifano minne inatosha.

Marekani ilianza kwa daftari. Kati ya mwaka 1982 na 2011, mradi wa kitaifa uligharimiwa na National Endowment for the Humanities ili kuorodhesha magazeti ya kila jimbo na kuyapiga maikrofilamu. Juu ya msingi huo ndipo ukajengwa mradi wa dijitali ulioanza kutoa ruzuku mwaka 2005: taasisi moja katika kila jimbo hupewa fedha, huchagua magazeti, hutayarisha takriban kurasa 100,000 kwa miaka miwili, na matokeo huwekwa katika tovuti ya Chronicling America ya Maktaba ya Bunge, iliyofunguliwa mwaka 2007, ambako kila mtu husoma bure. Ikumbukwe kwamba katika awamu zake za mwanzo mradi huo ulishughulikia magazeti ya Kiingereza pekee, na lugha nyingine ziliongezwa baadaye. Hata katika nchi tajiri, lugha isiyo na mtetezi mezani husubiri.

Australia ilichagua njia ya umma kuhariri. Katika tovuti ya Trove ya Maktaba ya Taifa, msomaji hulinganisha picha ya ukurasa na maneno yaliyosomwa na mashine, kisha husahihisha makosa yeye mwenyewe. Kazi ya kupitia prufu imekuwa kazi ya taifa. Fedha zilipokaribia kukauka, umma ulipiga kelele, na mwaka 2023 serikali iliahidi dola milioni 33 za nchi hiyo kwa miaka minne.

New Zealand na Hawaii ndizo zinazopaswa kuwagusa zaidi wapenzi wa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Waikato kiliyaweka wazi kwa umma magazeti ya Wamaori ya miaka ya 1842 hadi 1932, zaidi ya kurasa 17,000, ambayo mengi yake yaliandikwa kwa Kimaori pekee. Huko Hawaii, takriban kurasa 125,000 za magazeti ya Kihawaii zilichapishwa kati ya mwaka 1834 na 1948. Mashine iliposhindwa kuyasoma ipasavyo, mwaka 2011 watu wa kujitolea waliombwa kuyanakili kwa mkono, mstari baada ya mstari. Kimaori na Kihawaii zina wasemaji wachache mno zikilinganishwa na Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, na kina wasemaji katika mataifa kadhaa. Ni aibu kwa mwenye ng'ombe mia kuomba maziwa kwa mwenye mbuzi wawili.

Mfano wa Marekani una onyo pia. Mwezi Aprili mwaka 2025, ruzuku nyingi za National Endowment for the Humanities zilikatishwa kwa amri ya serikali mpya, kazi zikiwa katikati. Ruzuku itolewayo kwa hiari ya watawala hukatwa kwa hiari ya watawala. Funzo lake si kwamba fedha za umma haziaminiki. Funzo ni kwamba fedha hizo ziwe za kisheria na za kila mwaka, zisiwe za mradi wa miaka miwili unaoanza kwa hotuba na kuisha kwa ripoti.

5. Picha Isiyosomeka

Hatari kubwa zaidi haitoki kwa wanaokataa kutoa ruzuku. Inatoka kwa wanaoitoa vibaya. Kipimo rahisi cha mradi wa dijitali ni idadi ya kurasa. Mkandarasi huahidi kurasa nusu milioni, hupiga picha, hulipwa, huondoka. Katika hesabu za serikali kazi imekamilika. Katika hesabu za mhakiki haijaanza.

Sababu ni ya kiisimu. Programu za kutambua maandishi zilikuzwa kwa lugha za Ulaya, nazo hutegemea msamiati wa lugha hizo kukisia herufi iliyofifia. Zikikutana na Kiswahili hukisia Kiingereza. Hata herufi zinaposomwa sawasawa, utafutaji unakwama. Anayetafuta neno 'penda' katika matini ya Kiingereza angepata takriban kila mahali linapotajwa. Katika Kiswahili kitenzi hicho kimejificha ndani ya 'nampenda', 'hawakupendana', 'alipopendwa' na 'wapendezwao'. Anayetafuta 'jicho' hapati 'macho', wala anayetafuta 'ukuta' hapati 'kuta'. Utafutaji usiotambua mzizi, viambishi na ngeli ni kipofu kwa sehemu kubwa ya matini. Ongeza hapo tahajia za kabla ya usanifishaji, ambazo zilitofautiana toka shirika moja la misheni hadi jingine, na lahaja za Mombasa, Lamu na Unguja zilizochapishwa bila haya. Ongeza pia Sahifa, ambalo hati zake za Kiarabu zinahitaji msomaji aliyefunzwa kabla ya kuhitaji mashine.

Kazi hizo zote ni za wanaisimu, wahakiki na wahariri wa matini. Zinahitaji mishahara ya miezi mingi. Zisipotajwa katika bajeti ya ruzuku hazitafanyika, na taifa litabaki na mamilioni ya picha zisizosomeka, yaani majalada yaleyale ya kale yaliyohamishwa kutoka rafu ya mbao hadi rafu ya umeme. Nayo rafu ya umeme huoza upesi kuliko ya mbao: faili isiyohamishwa kutoka chombo hadi chombo haimalizi miongo miwili.

Vivyo hivyo, ruzuku isiyoanza na orodha ni ruzuku isiyo na macho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, wachapishaji nchini Kenya walitakiwa kuwasilisha nakala kwa msajili na kuweka dhamana, ambayo marekebisho ya mwaka 2002 yaliipandisha hadi shilingi milioni moja. Sheria hiyo ilitungwa ili dola ijue nani wa kushtakiwa. Haikutungwa ili mjukuu apate cha kusoma. Daftari linalohitajika sasa ni la aina nyingine: kila gazeti, kila toleo lililopo na lisilopo, limo katika jengo gani, na lina hali gani. Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, maktaba za vyuo, misikiti, misheni na makabati ya familia, vyote viingie katika daftari hilo kabla mtu hajanunua mashine.

Hatimaye, nakala asili isiguswe na tamaa ya nafasi. Nicholson Baker, katika kitabu chake Double Fold (2001), alionyesha jinsi maktaba kubwa za Marekani zilivyoyatupa magazeti zikishayapiga maikrofilamu, kisha filamu zenyewe zikagunduliwa kuwa na kurasa zilizorukwa na zisizosomeka. Mwaka 1999 aliyanunua yeye mwenyewe baadhi ya majalada ya magazeti ya Marekani ambayo Maktaba ya Uingereza iliyauza. Kosa hilo lilifanywa na matajiri waliokuwa na nakala nyingi. Nchi yenye nakala moja haina haki ya kulirudia.

6. Hoja ya Tumbo na Hatia ya Idara

Wapo watakaouliza ni vipi magazeti ya kale yatangulizwe wakati hospitali hazina dawa. Swali ni la haki, ila limeulizwa mahali pasipofaa. Fedha za magazeti hazichukuliwi kwenye fungu la dawa. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kugawa tabuleti kwa shule za msingi. Nchi iliyopata fedha za kununua kioo haikosi fedha za kitu cha kusomwa juu yake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliyounda Hazina ya Taifa ya Utafiti, inataja asilimia 2 ya pato la taifa kama kiwango cha kuigharimia hazina hiyo. Kiwango hicho hakijafikiwa, na wala mradi huu hauhitaji hata chembe yake. Unachohitaji ni kwamba somo la fasihi litambuliwe kuwa utafiti.

Na hapo ndipo lawama inaporudi nyumbani. Serikali haijakataa kitu ambacho uhakiki haujakiomba. Katika idara nyingi, mwanafunzi anayependekeza kuhariri mfululizo wa mashairi ya gazeti, kuyasahihisha, kuyafafanulia na kuyapanga pamoja na majibu yake, huambiwa kwamba hiyo si tasnifu kwa kuwa haina nadharia. Mwenzake anayeichukua riwaya iliyokwisha hakikiwa mara ishirini na kuitwika nadharia ya ishirini na moja hupewa shahada. Mhadhiri anayetumia miaka mitano kutayarisha orodha ya magazeti hapandishwi cheo; anayechapisha makala matano juu ya vitabu vitano hupandishwa. Mfumo huo ukiendelea, hata ruzuku ikitolewa kesho, hakutakuwa na wa kuipokea isipokuwa mkandarasi. Idara isiyowafunza wanafunzi wake kusoma hati za Kiarabu haina ulimi wa kulalamika kwamba Sahifa limesomwa Berlin kabla ya kusomwa Nairobi.

Kuna hofu nyingine ambayo haifai kufichwa. Ruzuku ya serikali inaweza kuchagua magazeti ya serikali. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Na mwaka 1968 Kenya: Twendapi?, waraka uliompeleka Abdilatif Abdalla gerezani, ulisambazwa kwa siri nje ya gazeti lolote. Kamati ya watumishi wa wizara inaweza kuanza na Mambo Leo na Baraza, ikamaliza fedha kabla ya kufika kwa yaliyopigwa marufuku, na historia ikafungwa mara ya pili bila askari yeyote kutumwa. Kwa hiyo uteuzi hauna budi kuwa mikononi mwa jopo huru la wahakiki, wanahistoria, wakutubi na washairi wenyewe, na sababu za kuchagua au kuacha zichapishwe.

7. Hitimisho

Masharti ya ruzuku yenye maana yanaweza kuwekwa kwa maneno machache. Daftari litangulie mashine. Fungu la fedha liwe la kisheria na la kila mwaka. Malipo yafuate matini iliyosahihishwa wala si picha iliyopigwa. Utafutaji uijue sarufi ya Kiswahili. Hati za Kiarabu zisiachwe hadi mwisho. Nakala asili zilindwe. Msomaji asitozwe kitu. Na katika vyuo, uhariri wa matini za magazeti uhesabiwe kuwa utafiti wenye kustahili shahada na cheo.

Sharti la mwisho halihitaji hazina, bunge wala mfadhili. Linahitaji azimio la idara katika kikao kimoja. Mpaka azimio hilo lipitishwe, malalamiko juu ya uhaba wa ruzuku yatakuwa na mlio wa debe, na majalada yataendelea kudondosha unga wa kahawia sakafuni, unga ambao mfagiaji huuzoa kila asubuhi bila kujua kwamba anazoa beti.